Mtaala Mpya, Ofisi Ileile ya Walimu

Januari 2024 shule za msingi za Tanzania Bara zilifunguliwa zikiwa na mitaala miwili chini ya paa moja. Watoto wa awali, wa darasa la kwanza na wa darasa la tatu walianza mtaala mpya uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Waliokuwa madarasa mengine waliendelea na ule wa zamani. Mwalimu mwenye kipindi darasa la tatu asubuhi na darasa la tano baada ya mapumziko alivuka kutoka mtaala mmoja kwenda mwingine kabla chai yake haijapoa. Kwa upande wa sekondari, shule zilizoteuliwa zilianza mkondo wa amali kuanzia kidato cha kwanza.

Yaliyomo katika mtaala huo yamejadiliwa sana: elimu ya msingi ya miaka sita, elimu ya lazima ya miaka kumi, somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Wanaotakiwa kuyatenda hayo hujadiliwa kidogo, na mara nyingi hujadiliwa pale tu mambo yanapokwama. Hapo lawama huwa tayari: walimu ni wagumu, wamezoea vya zamani, hawataki kubadilika. Nadhani lawama hiyo ni nyepesi mno. Mwenendo wa walimu mbele ya mabadiliko una hesabu ndani yake, na hesabu hiyo husomeka kwa yeyote anayekubali kukaa nao ofisini na kuangalia wanapata nini, wanapoteza nini na wamekwisha kuona nini.

Tuanze na walichokwisha kuona. Mwalimu aliyeajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliingia kazini pamoja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, na wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Mwaka huohuo wa 2005 ukaja mtaala wa umahiri, uliomtaka ashirikishe kila mwanafunzi katika madarasa ambayo yalikuwa ndiyo kwanza yamefurika. Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yakatangazwa kwa mfumo wa GPA, na kabla watu hawajauzoea, mwanzoni mwa 2016 madaraja ya zamani yakarudishwa. Katikati ya hayo ukaingia mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa darasa la kwanza na la pili, kisha elimu bila ada kuanzia Januari 2016, ambayo ilipiga marufuku michango ya lazima na kuyajaza upya madarasa ya kwanza. Kila jambo lilikuja na waraka wake, semina yake na istilahi zake. Aliyepita katika hayo yote amejifunza kungoja. Anataka kuona kama hili nalo litafika mwaka wa tatu kabla hajatupa daftari lake la zamani la maandalio. Kuita kungoja huko uvivu ni kutomtendea haki.

Wala jambo hili si la Tanzania peke yake. Larry Cuban, mwanahistoria wa elimu wa Marekani, alifuatilia ufundishaji wa nchi yake kuanzia 1890 hadi 1980 katika kitabu alichokitoa mwaka 1984. Aliona mawimbi ya mageuzi yakipita juu, huku chini yake mwalimu akiendelea kusimama mbele na wanafunzi wakiendelea kusikiliza na kunakili. Dan Lortie alikuwa ametoa sehemu ya maelezo mwaka 1975: kila mwalimu amekaa darasani kama mwanafunzi kwa miaka mingi kabla ya kusimama mbele ya darasa, kwa hiyo anapobanwa na hali hufundisha kama alivyofundishwa. Chuo cha ualimu kinampata kwa miaka miwili au mitatu, ilhali walimu wake wa utotoni walimpata kwa zaidi ya kumi.

Mahali ambapo mabadiliko hufika haraka kuliko kwingine kote ni kwenye makaratasi. Mdhibiti ubora wa shule anapofika huomba azimio la kazi, maandalio ya masomo na kumbukumbu za kazi zilizofundishwa. Muda wa kukaa darasani kipindi kizima na kila mwalimu hana, maana shule ni nyingi. Basi ofisi nzima hujua kipi kitatazamwa. Wiki chache baada ya mtaala kubadilika, maandalio huwa yamejaa maneno mapya: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za mwanafunzi, kigezo cha upimaji. Darasani, kengele ikilia, ubao hujaa na watoto hunakili. Walimu hawaoni kwamba wamedanganya. Wametimiza kilichodaiwa mahali kilipodaiwa, na nguvu iliyobaki wameipeleka kwenye kazi wanayoiamini.

Michael Lipsky aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1980, akiwazungumzia watumishi wanaokutana na wananchi ana kwa ana, kama walimu, askari na maofisa wa ustawi wa jamii. Hoja yake ni kwamba watumishi hao daima wana kazi nyingi kuliko muda na vifaa walivyopewa, hivyo hujitungia njia za kupunguza mzigo, na kwa mwananchi njia hizo ndizo sera yenyewe. Hoja hiyo inafaa sana kwetu. Uwiano rasmi wa shule za msingi Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kila mtu anajua kuwa shule nyingi za mijini na vijijini zimeuvuka mbali. Mtaala unapomtaka mwalimu ampime kila mtoto mmoja mmoja na kuandika maendeleo yake, mwenye watoto 40 anaweza kujaribu. Mwenye watoto 120 katika kipindi cha dakika 40 ana sekunde 20 kwa kila mmoja, hata asipofundisha neno. Atawapima watano wa mbele na kukadiria waliobaki. Mwenye kutaka kubadilisha tabia hiyo aanze na idadi ya watoto. Semina ya uzalendo haitaigusa.

Kuna sura nyingine ya mabadiliko ya nje tu, na hiyo inanigusa zaidi kwa sababu ndani yake kuna nia safi. Mwaka 1990 David Cohen aliandika juu ya mwalimu mmoja wa California aliyemwita kwa jina la kubuni, Mrs. Oublier. Mama huyu alikuwa ameyapokea mageuzi ya hisabati kwa moyo wote. Alikuwa na vifaa vya kuhesabia, vikundi na michezo. Aliamini kwamba ufundishaji wake umegeuka kabisa. Cohen alipokaa darasani aliona vifaa vipya vikitumiwa kwa desturi ya zamani: jibu ni sahihi au si sahihi, na mtoto haulizwi alifikaje hapo. Yeyote aliyetembelea madarasa yetu ya awali amekutana naye. Vizibo vya soda vimekusanywa, vijiti vimefungwa kumi kumi, manila zimebandikwa ukutani, na bado watoto wanaitikia kwa pamoja jibu ambalo mwalimu ameshalitaja. Kwa mwalimu huyu semina ilifanikiwa kumpa hamu. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye kipindi kizima, kesho yake tena, na kumwuliza kwa upole kwa nini hakumngoja yule mtoto aliyekuwa anafikiri.

Mtihani ndio unaoamua mengi ya haya. Shule inajulikana kwa wastani wake. Mwalimu mkuu huitwa kwenye kikao cha tathmini cha wilaya na kusomewa nafasi yake mbele ya wenzake. Wapo waliovuliwa madaraka kwa matokeo mabaya. Wazazi huhamisha watoto. Walimu wa madarasa ya mitihani huweka kambi, hufundisha hadi jioni, hukariri maswali ya miaka iliyopita na kuyapanga kwa mada. Mwalimu anayejua hayo akisoma waraka unaosema tufundishe stadi za kufikiri na kushirikiana, swali lake la kwanza ni la haki: swali la mtihani litakuwaje? Likibaki la kukumbuka na kuchagua herufi, ameshapata jibu lake. Nchi iliona ukubwa wa pengo hilo Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipoonyesha kwamba takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Katika ofisi za walimu funzo lililobaki lilikuwa zito kuliko taarifa yoyote ya tume: miaka saba baada ya mtaala wa umahiri kuanza, mtihani ndio uliokuwa bado unawahukumu, na hukumu yenyewe iliweza kubadilishwa baada ya kutangazwa.

Hapa napenda kukaa kidogo kwenye jambo ambalo mipango mingi ya mageuzi hailitaji kabisa, nalo ni hasara. Mabadiliko huelezwa kwa faida zake. Anayeyapokea huhesabu kwanza kinachomtoka. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu huumizwa na kupoteza kitu kuliko anavyofurahishwa na kupata kitu cha thamani hiyohiyo. Shuleni, kinachopotea huwa ni umahiri wa mwalimu mwenyewe, ule uliomfanya aheshimiwe.

Rwanda inatoa mfano ulio wazi kuliko yote niijuayo katika ukanda huu. Oktoba 2008 serikali iliamua kwamba kufundisha kufanyike kwa Kiingereza, wakati walimu wengi walikuwa wamesomeshwa kwa Kifaransa. Fikiria mwalimu wa sayansi mwenye miaka ishirini kazini, mtu ambaye wenzake humwendea na maswali, anayeamka siku moja akiwa hana maneno ya kueleza usanisinuru. Hajasahau sayansi. Lakini mbele ya darasa anasitasita, watoto wanamtazama, na kijana aliyesomea Uganda anaonekana bingwa kuliko yeye. Mwaka 2011 madarasa matatu ya mwanzo yalirudishwa kwenye Kinyarwanda, na mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitarudi hadi darasa la kwanza. Sababu za sera hiyo zinaweza kutetewa: biashara, Jumuiya ya Afrika Mashariki, historia chungu ya nchi na Ufaransa. Ila katika kila hatua mwalimu yuleyule alitakiwa awe mwanafunzi tena hadharani, na kufanywa mwanafunzi hadharani ukiwa mtu mzima ni jambo linalouma.

Tanzania ilikuwa na lake kati ya 2017 na 2018, walimu wa masomo ya sanaa waliozidi sekondari walipohamishiwa shule za msingi. Kwa hesabu ya mpangaji, ziada ilikwenda penye upungufu. Mshahara haukuguswa. Lakini mtu mwenye shahada ya historia au jiografia, aliyezoea kujadiliana na vijana wa kidato cha sita, aliambiwa akafundishe darasa la pili kusoma silabi, kazi ambayo hakuisomea na ambayo kwa kweli ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Jamii ilimwona ameshushwa. Walimu wa msingi waliomkuta pale nao waliudhika, maana ujio wake ulionekana kusema kwamba kazi yao yaweza kufanywa na yeyote. Pande zote mbili ziliumia bila mtu yeyote kukusudia kuziumiza.

Kenya imelipitia jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Mtaala wa umilisi ulianza nchini kote mwaka 2019, ukichukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985. Gredi ya 7 ilipofika Januari 2023, serikali iliweka sekondari ya msingi ndani ya shule za msingi. Walimu waliosomea sekondari wakajikuta chini ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ndani ya ofisi moja na walimu ambao njia yao ya kazi, mishahara na vyeo vilikuwa tofauti. Nani anagawa vipindi? Nani anatia saini fedha? Mwalimu wa gredi ya 8 akichelewa, anamweleza nani? Wengi wao walikuwa wanagenzi wa mkataba wenye posho ndogo, na katikati ya 2024 waligoma kwa wiki kadhaa wakidai ajira ya kudumu. Wakadai pia shule zao zijisimamie. Mtu akiisoma migogoro hiyo kama upinzani dhidi ya mtaala atakosea. Wengi wa walimu hao walikuwa vijana walioupenda mtaala. Waligombania mahali pao ndani yake.

Kuna mtindo wa kuwafundisha viongozi wa shule kwamba watu hupita hatua tano mbele ya mabadiliko: kukana, kukasirika, kujadiliana, kuhuzunika na kukubali. Hatua hizo zilitoka kwa Elisabeth Kübler-Ross, aliyeandika mwaka 1969 kuhusu wagonjwa wanaokaribia kufa. Kuzipachika kwenye ofisi ya walimu kuna ubaya mmoja mkubwa: mwalimu akisema mpango una kasoro, kiongozi hutikisa kichwa na kusema bado yuko hatua ya hasira, atakubali tu. Kasoro inabaki palepale. Namwamini zaidi Frances Fuller, ambaye mwaka huohuo wa 1969 alieleza jinsi mashaka ya walimu wanaoanza kazi yanavyosogea. Kwanza mtu hujiuliza: mimi nitaweza, nitaonekanaje? Kisha: nitaipangaje kazi hii, muda uko wapi, vitabu viko wapi? Mwisho: watoto wananufaika? Semina zetu nyingi huanza na swali la tatu. Mwezeshaji anasimama na kueleza faida kwa taifa, na walio mbele yake bado wanajiuliza kama wataaibika Jumatatu.

Semina zenyewe hushuka kwa ngazi: wawezeshaji wa kitaifa huwafundisha wa wilaya, wa wilaya huwafundisha wa kata, na mmoja aliyechaguliwa huenda kuwafundisha wenzake shuleni. Siku tano huwa mbili, mbili huwa saa moja baada ya vipindi, na saa moja huwa nakala ya kitini. Anayekwenda hupata posho na nauli, wengine hupata maelezo yake, na hilo nalo huleta manung'uniko. Thomas Guskey alitoa mwaka 1986 hoja ambayo ingeweza kutuokoa na gharama hizo. Tumezoea kudhani mwalimu akishaamini atabadilika. Guskey alisema mpangilio ni kinyume chake: mwalimu hujaribu jambo, huona wanafunzi wake mwenyewe wakifanya vizuri kuliko zamani, ndipo huamini. Mahubiri hayana nafasi kubwa hapo. Kinachohitajika ni jaribio dogo lenye msaada wa karibu na muda wa kuona matunda.

Ndiyo maana mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, una mantiki nzuri katika misingi yake: walimu wa shule moja wakutane kwa ratiba, walete mada inayowasumbua, wafundishane. Hatari yake ni ileile ya maandalio. Mkutano ukigeuzwa kuwa fomu ya mahudhurio na picha ya kutuma kwenye kikundi cha WhatsApp cha kata, utafanyika kila wiki bila kutokea. Mwalimu mkuu ndiye anayeamua upande upi utashinda, tena mara nyingi kwa neno moja. Akiufungua mkutano kwa kusema "wametuletea tena jambo lao," mkutano umekwisha. Akiufungua kwa kusema mada ya sehemu katika hisabati humpiga chenga yeye mwenyewe, milango inafunguka. Amy Edmondson alionyesha mwaka 1999 kwamba vikundi vya kazi ambamo watu wanaweza kusema kosa bila kuogopa ndivyo vinavyojifunza zaidi, na sidhani kuna mahali pa kazi panapolihitaji hilo kuliko shule.

Katika ofisi zetu hofu hiyo ina sura ya umri. Kijana wa miaka 26 ambaye kila asubuhi humwamkia "shikamoo mama" mwalimu wa miaka 56 hawezi kumsahihisha mbele ya watu, na mama hawezi kumwuliza namna ya kuingiza taarifa zake kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, akiwa katikati ya ofisi. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu, vipo vilivyoishia kwa watoto wa nyumbani kwa sababu hiyo. Wakuu wa shule wenye busara hawaisukumi desturi, wanaitumia. Wanampa mama uenyekiti wa kikao cha somo na kumwomba kijana aonyeshe, kwa hiyo mama anaruhusu kabla ya kujifunza. Kwa zamu nyingine mama anaonyesha jinsi ya kulituliza darasa la watu mia, somo ambalo kijana hakulipata chuoni na analihitaji kuliko kishikwambi.

Ushirikishwaji si hisani. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha jaribio lao katika kiwanda cha nguo za kulalia huko Virginia. Kazi ilipobadilishwa bila wafanyakazi kuhusishwa, uzalishaji ulishuka na baadhi waliacha kazi. Walioshiriki kupanga mabadiliko yaleyale walirudi kwenye kasi yao haraka na kuipita. Nchi yetu nayo ina funzo lililo karibu na hilo, la kujifunza kazi huku ukiifanya. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Tanzania ilihitaji walimu kwa maelfu ili kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kujifunza sehemu iliyobaki, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi waliowafuata vijijini. Ubora wa mpango huo ulilalamikiwa kwa miaka mingi, na malalamiko yalikuwa na haki. Lakini kama somo la jinsi watu wanavyozoea kazi mpya unastahili kusomwa tena: kujifunza na kutenda vilikaa siku moja na mahali pamoja, na mkufunzi alimfuata mwalimu alipo.

Jaribio kubwa linakuja sasa. Kwa mpango uliotangazwa, mwaka 2027 watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu watamaliza darasa la sita, sambamba na kundi la mwisho la darasa la saba, na makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza mwaka 2028. Shule moja itakuwa na madarasa mawili ya kumaliza, kambi mbili, na mwalimu mmoja wa hisabati kati yao. Atakayepewa darasa la sita atakuwa akiandaa watoto kwa mtihani usio na maswali ya miaka iliyopita. Akipata mifano ya maswali mapema, yenye kumtaka mtoto aeleze na atende, atafundisha kueleza na kutenda, maana ndiko hesabu yake itakapompeleka. Akiikosa hadi muhula wa mwisho, atafungua kabati na kutoa mitihani ya darasa la saba, na sitamlaumu.